Njia za baiskeli kutoka Nyeri hadi Mwea: Atakaye wepesi atazame maji yanakoelekea

MWENDESHA baiskeli anayetoka Gatitu, pembezoni mwa mji wa Nyeri, hakosi njia. Anaweza kupanda kuelekea misitu ya Aberdare, kuvuka mabonde hadi Othaya, kufuata uwanda wa juu hadi Nanyuki, au kuteremka kupitia Karatina na Sagana hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, ambako baiskeli hupita juu ya matuta ya mifereji bila kupanda kilima chochote.

Tatizo ni kwamba ramani ya kawaida haimwelezi gharama ya kila njia. Vituo viwili vinavyoonekana karibu kwenye karatasi vinaweza kutenganishwa na mabonde matatu, na kilomita kumi za huko zikamchosha mtu kuliko kilomita thelathini za kwingine. Tena njia iliyo nyepesi kwa miguu si lazima iwe salama kwa maisha.

Ufunguo wa kuzisoma njia hizi ni mmoja: maji. Mito ndiyo iliyoichonga nchi hii, na mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa kuitii sheria ile ile ya maji. Anayejua maji yanakotoka na yanakoelekea anaweza kukisia, kabla ya kukanyaga pedali hata mara moja, mahali atakapotoa jasho.

Nchi iliyochongwa na mito

Nyeri imekaa katikati ya milima miwili mikubwa. Mashariki yake upo Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na magharibi ipo safu ya Aberdare, au Nyandarua, ambayo kilele chake cha juu hufikia takriban mita 4,000. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mvua inayonyesha juu ya milima hiyo huteremka kwa vijito vingi ambavyo hatimaye huungana na mto Sagana, ndiyo sehemu ya juu ya mto Tana. Udongo wa sehemu hizi ulitokana na volkeno na hulika kwa urahisi. Kwa maelfu ya miaka kila kijito kimejichimbia bonde lake, na kati ya bonde moja na jingine umebaki mgongo mrefu wa ardhi.

Migongo hiyo ndiyo iliyobeba maisha ya watu tangu zamani. Nyumba, shule, makanisa na mashamba ya chai na kahawa hukaa juu yake au kwenye miteremko yake, na mto huwa chini. Njia za kale za miguu ziliufuata mgongo kutoka msituni hadi nyanda za chini, na barabara nyingi ndogo za leo zimepita pale pale.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya mwendesha baiskeli inapopatikana. Njia inayofuata mgongo hupanda au kuteremka polepole kwa mwendo mrefu. Njia inayokata migongo humtumbukiza mtu bondeni, ikamvusha daraja, kisha ikamrudisha juu, na baada ya dakika chache ikaanza upya.

Barabara ya Nyeri kwenda Othaya ni mfano mzuri wa njia inayokata. Huvuka bonde la mto Gura, mto unaosifika kwa kasi ya maji yake, na kasi hiyo ni ishara tosha ya ukali wa mteremko. Anayekwenda Othaya huteremka na kupanda, na anaporudi Nyeri hukuta hesabu ni ile ile: kila mteremko uliomfurahisha asubuhi umekuwa kilima jioni. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Huku anayeshuka ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba atapanda.

Upande wa Tetu hali ni tofauti. Njia zinazoelekea Ihururu na Ihithe, kijiji alikozaliwa mwaka 1940 marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, zinaukaribia msitu wa Aberdare na kwa hiyo hupanda. Lakini kupanda huko ni kwa aina moja: mtu huchagua mwendo wake, hupumua sawasawa, na akigeuza baiskeli kurudi nyumbani ardhi humlipa deni lake lote.

Mathira, upande wa Karatina, ina sura hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa. Huko migongo hutoka Mlima Kenya na kuelekea kusini. Anayetoka Karatina kuelekea msituni hufuata mgongo. Anayetoka Karatina kwenda Kerugoya kupitia Kagumo huikata migongo mmoja baada ya mwingine.

Njia ya tatu ni ile ya uwanda wa juu, kutoka Kiganjo hadi Naro Moru na Nanyuki, mji uliopo karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Sehemu hii ya Kieni iko upande wa milima usiopata mvua nyingi, hivyo mito ni michache na mabonde yake hayajachimbika sana. Barabara huinuka taratibu. Adui wa mwendesha baiskeli hapa ni upepo wa uwandani, jua na magari yaendayo kasi kwenye barabara iliyonyooka.

Hesabu ya kilima

Wengi hudhani kwamba kilima hushinda kwa ukali wake. Kwa kweli kinachodai nguvu ni urefu wa kwenda juu na uzito unaobebwa.

Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80. Kupanda mita 500 kwenda juu kunamdai nishati ya kilojuli 390 hivi, bila kuhesabu upepo na msuguano wa magurudumu. Mtu wa kawaida anayeweza kutoa nguvu ya wati 100 mfululizo atatumia takriban saa moja na dakika tano, iwe ameupanda mwinuko huo kwa njia fupi iliyo kali au kwa njia ndefu iliyo pole.

Sasa mfikirie mchuuzi wa maziwa. Baiskeli yake ya chuma ina kilo 20, yeye ana kilo 65, na mikebe yake yenye maziwa ina kilo 45. Jumla ni kilo 130. Kwa nguvu zile zile atahitaji zaidi ya saa moja na dakika 45 kufika pale pale. Ndiyo maana kuisukuma baiskeli kilimani si aibu wala uvivu. Ni njia ya kuigawa kazi ile ile kwa muda mrefu zaidi.

Gia nazo hazipunguzi kazi. Huibadilisha tu iwe katika vipande vidogo. Baiskeli nzito isiyo na gia, maarufu kama Black Mamba, ikiwa na gurudumu la mbele la mnyororo lenye meno 44 na la nyuma lenye meno 18, husogea zaidi ya mita tano kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Baiskeli yenye gia inaweza kuwekwa meno sawa mbele na nyuma, ikasogea kiasi cha mita mbili tu. Mguu hauhitaji nguvu nyingi kwa kila mzunguko, ingawa huzunguka mara nyingi zaidi.

Jambo jingine ni hewa. Kwenye mwinuko wa Nyeri kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mgeni kutoka pwani ataona pumzi inamwishia mapema hata kama ana mazoezi. Mwenyeji amelizoea jambo hilo tangu utotoni, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowavutia wanamichezo kufanya mazoezi katika nyanda za juu.

Hatari imo katika kushuka

Kilima huchosha, lakini mteremko ndio unaoua. Nguvu iliyomo katika chombo kinachokwenda haiongezeki sawa na kasi. Kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Anayeteremka kwa kilomita 50 kwa saa anahitaji takriban mara nne ya umbali anaouhitaji aliye katika kilomita 25 kwa saa ili breki zimsimamishe, na hapo umbali anaousafiri kabla ya kuzishika breki haujahesabiwa.

Nguvu hiyo yote hugeuka kuwa joto kwenye breki. Anayezishikilia mfululizo kuanzia juu hadi darajani huweza kuzikuta zimepoteza makali pale anapozihitaji zaidi. Waendeshaji wazoefu hupunguza kasi mapema, kabla ya kona, kisha huziachia kidogo zipoe. Mvua ikinyesha, breki za mpira zinazobana ukingo wa gurudumu huchelewa kushika, na mwenye busara huanza kuzibana kabla ya mteremko wenyewe.

Miezi nayo ina usemi. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati huo njia za udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Julai na Agosti ni miezi ya baridi na ukungu, ambapo dereva wa matatu huenda asimwone mwendesha baiskeli mpaka amemkaribia. Taa ya nyuma na nguo ya rangi inayong'aa ni za lazima asubuhi hizo, na kofia ya kukinga kichwa ni ya lazima siku zote.

Barabara kuu: rahisi kwa mguu, ngumu kwa moyo

Anayetaka kuteremka hadi Mwea atalazimika kuikabili barabara kuu inayotoka Nairobi kuelekea Nanyuki. Barabara hiyo imejengwa kwa kupunguza vilima: wahandisi walikata ardhi palipoinuka na kujaza palipozama, ili malori yasilemewe. Kwa mguu wa mwendesha baiskeli hilo ni jambo la heri.

Lakini barabara iliyonyooshwa huongeza kasi ya kila anayeipita. Mapema katika muongo wa 2020 ulianza mradi wa kuipanua barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, iwe na njia mbili kila upande. Sehemu ya Sagana hadi Marua pekee ni kilomita 36, na Marua ndiko wanakopitia wengi waendao Nyeri.

Kwa mwenye gari, upanuzi maana yake ni kufika upesi. Kwa mwenye baiskeli aliyebeba kabichi kwenda soko la Karatina, maana yake hutegemea jambo moja: kama pembeni ana nafasi yake au hana. Ukingo wa barabara ukiwa mpana, safi na usio na magari yaliyoegeshwa, huponea hapo. Ukiwa mwembamba au umegeuzwa kituo cha matatu na vibanda, hulazimika kuingia katikati ya magari.

Wenye baiskeli si wengi kama zamani. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi nyingi za kubeba abiria na mizigo zilihamia kwa wanabodaboda wa pikipiki. Hata hivyo mwanafunzi, kibarua wa shambani na mchuuzi mdogo bado wanaihitaji baiskeli, kwa sababu haidai petroli. Hao ndio wasio na njia mbadala pindi barabara ikiwa ya hatari.

Kwa anayesafiri kwa matembezi, shauri ni kuipita barabara kuu asubuhi na mapema siku za Jumapili, au kuiacha kabisa panapowezekana, akakubali vilima vya Kagumo na Kerugoya kisha akateremka Kutus. Atatoa jasho zaidi, lakini atakutana na magari machache zaidi.

Mwea, ambako maji hayaruhusu vilima

Kutoka Nyeri hadi Mwea ardhi hushuka kwa karibu mita 600. Hewa hubadilika ikawa ya joto, kahawa hutoweka, na mbele hutandazwa majaruba ya mpunga yaliyokatwa kwa mistari ya maji.

Mradi wa unyunyizaji wa Mwea ulianza katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba mifereji ilifanywa kwa mikono ya mahabusu wa vita vya Mau Mau. Maji yake hutoka mito ya Thiba na Nyamindi, inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Mwaka 2022 Bwawa la Thiba lilizinduliwa ili kuhifadhi maji ya mvua na kuwawezesha wakulima kupanda zaidi ya msimu mmoja. Mchele wa pishori unaouzwa Nairobi kwa sifa ya harufu yake hutoka katika majaruba haya.

Mfereji wa udongo una masharti makali. Ukiteremka kwa kasi, maji hula kingo zake. Ukiwa tambarare mno, maji husimama na kuacha matope yanayouziba. Kwa hiyo wachimbaji huupa mteremko mdogo sana, huenda mita moja kwa kilomita nzima au hata chini ya hapo, na huupindisha kuufuata usawa wa ardhi. Kandoni huacha tuta pana la kupitishia vyombo vya kuondolea matope. Tuta hilo, kwa kuwa limefungwa na mfereji wake, haliwezi kuwa na kilima.

Ndiyo sababu baiskeli ni chombo cha kawaida Mwea. Mkulima huitumia kwenda kufungua lango la maji, kupeleka mbegu shambani na kurudi mjini Wang'uru. Hata baiskeli isiyo na gia humtosha.

Ulaya nako waendesha baiskeli huzipenda njia za kando ya mifereji, ingawa asili yake ni nyingine. Uingereza, mifereji mingi ilichimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo, na njia ya kando ilikuwa ya farasi waliozivuta. Ufaransa, mfereji wa Canal du Midi wa kilomita 240 ulifunguliwa mwaka 1681, na leo kingo zake hupitiwa na watalii wa baiskeli. Biashara ya mashua ilipofifia, njia za huko zilibaki bila kazi, zikageuzwa kuwa za burudani.

Tofauti hiyo ina uzito. Mifereji ya Mwea haijastaafu. Iko kazini kila siku, na tuta lake ni mahali pa kazi ya mkulima na ya mamlaka ya unyunyizaji. Mgeni hana haki ya kupita kwa kuwa tu ameona njia. Inampasa aulize, akubali kuelekezwa, ampishe mwenye mkokoteni wa ng'ombe au punda, na ashuke anapowakuta watu wakipanda mche au kufukuza ndege. Lango la maji halifunguliwi wala kufungwa na mpita njia; kosa dogo huweza kuzamisha shamba la mtu au kulikausha.

Kuna tahadhari nyingine mbili. Ya kwanza ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka hupasuka nyufa za kunasa tairi, na ukilowa hung'ang'ania magurudumu hadi yakakataa kuzunguka. Siku ya mvua tuta huachwa. Ya pili ni kichocho. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, na Mwea ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambako ugonjwa huo umejulikana kwa miaka mingi. Maji ya mfereji hayanawiwi miguu, hayanywewi, wala hayaoshei baiskeli kwa mikono mitupu.

Vilima kama mali

Vilima navyo vina thamani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alijifunza ufundi wake wa awali kwa kuwafuata David Kinjah na vijana wake katika vilima vya Kikuyu. Mnamo Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na vilima vya mji huo ndivyo vilivyokuwa kipimo cha wapandaji.

Nyeri ina vilima vya namna hiyo kwa wingi. Kisichotosha ni mahali pa kuviendea kwa usalama. Rwanda haikuupata umaarufu wake kwa vilima pekee. Mashindano ya Tour du Rwanda yamekuwa yakifungiwa barabara na kulindwa kwa miaka mingi, na wananchi wakazoea kumheshimu aliye juu ya baiskeli.

Hatua za kuanzia hazidai fedha nyingi. Ukingo wa barabara uachwe wazi na upigwe mstari unaoonekana. Mitaro ya pembeni ifunikwe mahali watu wanapopita. Madaraja ya mabondeni, ambayo mara nyingi huwa membamba kuliko barabara yenyewe, yawekewe ishara ya kumwonya dereva kwamba mbele kuna waenda kwa miguu na baiskeli. Huko Mwea, wakulima na mamlaka wakiafikiana ni matuta gani mgeni anaweza kupita na ni miezi gani ya kuyaepuka, itakuwa rahisi zaidi kulinda mpunga kuliko kumfukuza kila anayekuja.

Kwa sasa, anayefunga safari kutoka Gatitu na aanze na njia fupi ya mgongoni kabla ya kujaribu zile zinazokata mabonde, apime breki zake juu ya kilima wala si chini yake, na abebe pampu, viraka na maji ya kutosha. Akifika Mwea akakuta ardhi imekuwa tambarare, akumbuke kwamba mita 600 alizoteremka zinamngoja njiani. Anayejua hilo hugawa safari yake kwa siku mbili, akalala Kutus au Wang'uru, na kuanza kupanda alfajiri kabla ya jua kukaza.